Pingu Nilizomvisha Mzee Ntahondi

Nilimtia pingu mzee asiye na kosa lolote, nikampitisha katikati ya kijiji chake watu wakimtazama, na siku ile nikajiona polisi kamili. Naanza na hilo, wanangu, kwa sababu kila mnapokuja kunitembelea hapa Kasulu mnataka niwasimulie habari za majambazi na risasi. Risasi nilizifyatua chuoni tu, kwenye shabaha, na nyingi ziliingia kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma yake. Kazi niliyoifanya miaka mingi ilikuwa ugomvi wa watu waliooana. Wawili kati yenu mmeshaapishwa kuwa polisi na wa tatu anasubiri barua, basi kaeni mnisikilize, maana kesi hizi mtazipata wiki ya kwanza na hakuna atakayewaambia ni ngumu.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa konstebo mpya kituo cha Kibondo. Kituo kilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kaunta moja, chumba kimoja cha mahabusu na baiskeli mbili, moja haina breki. Tulivaa kaptura za kaki na soksi ndefu, na asubuhi za Kibondo mnazijua, magoti yalikuwa yanageuka rangi kwa baridi. Ningepewa leo nafasi ya kusimama pale gwaride la asubuhi, magoti yakiniuma vile vile, ningekwenda kwa miguu.

Aliyekuwa akitusimamia ni Sajini Chilewa, Mgogo wa Dodoma, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kiha hakukijua zaidi ya salamu, lakini aliwaelewa watu wa kwetu kuliko sisi tuliozaliwa huku. Mtu akiingia kituoni, Sajini alimpa kiti kwanza, habari baadaye. Nilimwuliza siku moja kwa nini anapoteza muda na viti. Akasema, "Mtu aliyesimama anashitaki. Mtu aliyekaa anaeleza. Mimi nataka maelezo."

Siku moja aliingia bwana mmoja anahema, ameegemeza baiskeli mlangoni, anataka askari wawili wakamkamate mama mkwe wake kwa sababu amemficha mkewe. Sajini akampa kiti, akafungua kitabu cha matukio, akachovya kalamu.

"Mkeo ana umri gani?"

"Kama miaka ishirini na tano."

"Aliondoka amefungwa kamba?"

"Hapana, aliondoka na mtungi, akasema anakwenda kwa mama yake."

"Na yuko wapi sasa?"

"Kwa mama yake."

Sajini akaweka kalamu chini. "Bwana, mkeo amekwenda mahali aliposema anakwenda. Niandike nini hapa?" Yule bwana akafikiri, akaanza kucheka mwenyewe, na alipoondoka alikuwa anauliza ni zawadi gani inafaa kumpelekea mama mkwe. Sisi vijana tulicheka wiki nzima. Kucheka tulicheka, somo lenyewe sikulishika, kama mtakavyoona.

Sasa nije kwa Damiani. Huyu alikuwa mkulima wa tumbaku wa Kitahana, mtu wa makamo, nadhifu, anatembea na redio begani. Alikuja kituoni siku ambayo Sajini Chilewa alikuwa amekwenda Kasulu na majalada, na kaunta nimeachiwa mimi. Hakunipa hata senti moja, nataka mlijue hilo. Aliniita afande tu. Tangu niajiriwe hakuna aliyekuwa ameniita afande, na ikatosha.

"Afande," alisema, "nimeibiwa. Nilitoa inkwano, ng'ombe sita, kwa mzee mmoja wa Gwarama anaitwa Ntahondi. Sasa binti yake amerudi kwao, mzee anakaa na binti na ng'ombe wangu anao. Huo si wizi?"

Inkwano kwa Kiha ni mahari, hilo mnalijua ninyi, lakini wenzenu watokao mbali huenda hawalijui. Mimi nilisikia neno ng'ombe na neno wizi, nikachukua pingu ukutani. Sikumpa kiti. Sikumwuliza kwa nini mkewe aliondoka.

Nilipanda lori la tumbaku mpaka Kakonko, kisha nikatembea hadi Gwarama. Nilimkuta Mzee Ntahondi anaanua maharage yake uani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na ndevu chache nyeupe. Aliponiona alinyoosha mgongo, akanisalimu "Bwakeye" kwa heshima, akamwambia mtu alete kigoda. Kigoda kililetwa. Sikukikalia.

"Mzee, uko chini ya ulinzi," nilisema.

"Kwa lipi, mwana wanje?"

Mwana wanje, ndivyo alivyoniita, mwanangu. Nikamjibu, "Kwa ng'ombe wa watu."

Hakubishana. Akaniomba avae shati zuri, nikamfuata mpaka ndani nisije nikatorokwa. Alipotoka alinyoosha mikono yeye mwenyewe, kama mtu anayepimwa nguo. Wajukuu walikuwa wamesimama mlangoni. Ndipo binti yake akatokea nyuma ya jiko. Anastazia alikuwa na kitambaa kimefungwa shingoni, mkono wa kulia umelala ndani yake, na vidole vimevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Polisi," alisema, "baba hana kosa. Ni mimi niliyekuja hapa kwa miguu yangu."

"Wewe rudi kwa mumeo," nikamwambia, "na haya yote yataisha."

Mkono ule niliuona. Sitawadanganya kwamba sikuuona. Niliuona, nikaona haunihusu, nikamwongoza baba yake barabarani na pingu, majirani wakitoka mashambani kuangalia. Kibondo tulifika jioni, nikamwandika kitabuni, nikamfungia. Mbele ya kosa niliandika neno moja, Mahari.

Asubuhi Sajini Chilewa alirudi. Alisoma kitabu kama kawaida yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Konstebo Gabrieli, huyu mzee yuko ndani kwa kosa gani?"

"Mahari, Sajini."

"Mahari nimeisoma. Nauliza kosa."

"Amekataa kurudisha ng'ombe."

"Aliwaiba?"

"Hapana, alipewa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wazee wa pande zote mbili."

"Na anakataa kwamba alipewa?"

"Hakatai."

"Sasa niambie, mtu aliyepewa kitu mchana mbele ya wazee, na mpaka leo anakiri kwamba alipewa, ameiba saa ngapi?"

Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, "Anayedai mahari yake aende Mahakama ya Mwanzo akafungue madai, kama mtu mwingine yeyote mwenye dai. Hakimu atamwita mzee, atawasikiliza wote, ataamua. Hayo ni yao. Sisi hapa hatuna mamlaka ya kumfungia mtu deni. Na yule binti alikimbia nini?"

"Sijui, Sajini."

"Hukumwuliza?"

"Nilimwona ana mkono umefungwa kitambaa."

Sajini alivua kofia yake, akaiweka juu ya kaunta. "Ulimwona mtu aliyevunjwa mkono ukamwacha," alisema, "ukamfunga asiyemgusa mtu."

Alimtoa mzee yeye mwenyewe, akampa kiti na kikombe cha chai, akamwomba radhi kwa niaba ya kituo, mimi nikiwa nimesimama pale nikitafsiri kwa Kiha. Niwaambie, hakuna adhabu kama kutafsiri maneno ya kuombewa radhi. Kisha akanigeukia.

"Utamrudisha kwake. Wewe, si mwingine. Ukifika, wale wale waliokuona ukimchukua uwaambie ulikosea. Halafu mwulize binti kama yuko tayari kwenda hospitali."

"Na asipokubali?"

"Hutamlazimisha. Yeye si mtuhumiwa."

Lori tulilipata kesho yake alfajiri, tukapanda tena hadi Kakonko, tukashuka, tukaanza kutembea. Mwanzoni nilitangulia mimi, kwa aibu. Baadaye mzee akaniambia miguu yake si ya kijeshi, nikapunguza mwendo, tukaenda bega kwa bega. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, sikuwa nimewahi kutembea siku nzima na mtu wa umri ule. Alinionyesha miti inayofaa mizinga ya nyuki na ile ambayo nyuki huikimbia. Alinionyesha uyoga wa kula, akanionya juu ya unaofanana nao. Alizungumza kama mtu aliyekuja matembezini, mpaka nikasahau kwamba siku mbili nyuma mkono ule unaonyooka kuelekea mitini nilikuwa nimeufunga chuma.

Tulipopumzika ndipo akaniambia habari za ng'ombe.

"Ng'ombe wa Damiani hawapo," alisema. "Watano walikwenda kumwolea mke mwanangu Filbert. Wamekuwa mke wa Filbert, na mke wa Filbert sasa ana mimba. Wa sita alikufa. Anastazia akiachika, nitawatoa wapi? Nikaseme kwa wakwe wa Filbert nirudishieni?"

Nikamwambia ajipe moyo, sheria haimwoni kuwa na kosa.

Akasema, "Mwana wanje, Anastazia alikuja kwangu mara mbili kabla ya hii. Mara ya kwanza ana jicho, mara ya pili ana mgongo. Mara zote mbili nilimrudisha mimi mwenyewe, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa Damiani. Hakuna polisi aliyenituma. Mara ya tatu alikuja na mkono. Sheria yako haiyajui makosa yangu."

Tukainuka, tukaendelea na safari.

Gwarama tulifika jua likiwa bado juu. Mzee akawaita majirani, wakakusanyika uani. Nilisimama nikasema kwa Kiha kwamba nilimchukua mzee wao bila haki, hakuwa na kosa, na nimemrudisha. Watu walisubiri, labda kuna la pili. Bibi mmoja akasema, "Kama polisi anaomba radhi, na mvua nayo itakuja wiki hii." Wakacheka, na mimi nikaruhusiwa kucheka nao.

Anastazia hakucheka.

"Juzi uliniambia nirudi kwa mume wangu," alisema.

"Hapo pia nilikosea."

"Na leo unaniambia niende wapi?"

"Sikuambii uende. Nakuuliza kama utakubali kwenda hospitali. Mengine utaamua mwenyewe."

Akamtazama baba yake. Mzee akasema polepole, "Usiwafikirie ng'ombe. Hayo niachie mimi na Filbert." Nadhani lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyatamka, na lilimtoka kama mtu anayeshusha gunia.

Hospitalini Kibondo bwana mganga aliandika kwenye fomu ya polisi kwamba mfupa umevunjika mahali pawili na kwamba kuna vidole viwili vilivyovunjika zamani vikapona vibaya. Alipofungwa plasta, Anastazia alikuja kituoni mwenyewe. Sajini akampa kiti. Akaeleza kwamba Damiani alimpiga kwa mchi wa kutwangia, jikoni, kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Mama mkwe alikuwepo nyumbani. Ndugu wawili wa Damiani walikuwa uani wakifunga tumbaku.

Nilikuwa nimeaibika kwa kumfunga asiye na hatia, sasa nilitaka kujisafisha kwa kufunga watu wengi. "Sajini," nilisema, "nipe askari wawili nikawasombe wote wanne. Mume, mama na ndugu zake."

Sajini Chilewa akanisukumia karatasi. "Andika majina manne. Mbele ya kila jina andika alichofanya."

Mbele ya Damiani niliandika: alimpiga mkewe kwa mchi, akamvunja mkono. Mbele ya mama yake nilifikiri sana, nikaandika: alikuwepo. Mbele ya ndugu zake nikaandika: ni ndugu zake.

Akasoma. "Kuwepo si kosa. Undugu si kosa. Una mtu mmoja hapa." Akaniambia tena jambo ambalo wakati ule sikulipenda. Sheria mpya ya ndoa ilikuwa imeanza kutumika, na yeye alikuwa akitusomea vipande vyake gwarideni, ile sehemu inayosema mume hana ruhusa ya kumpiga mke wala mke mume. Tulikuwa tumeishangilia kama rungu jipya. "Sheria hii haikukupa wewe mikono mirefu zaidi," alisema. "Imemwondolea Damiani kisingizio, basi. Kwako masharti ni yale yale. Uwe na sababu, sababu iandikike, na mtu unayemkamata aambiwe ni nini amefanya. Mama yake mwombe aje hapa siku atakayopata nafasi. Mwombe, nimesema."

Nikamfuata Damiani Kitahana. Alikuwa ndani ya banda la tumbaku, amepanda ngazi, amenyoosha mikono anapanga majani juu. Nikamwambia kwa sauti wafanyakazi wake wakisikia, "Damiani, nakukamata kwa kumjeruhi mkeo Anastazia mkono wa kulia kwa mchi."

"Mke wangu?" akasema. "Yule niliyemtolea ng'ombe sita?"

"Huyo huyo."

Alishuka, akajipangusa, akafuatana nami bila shida, na kwa kuwa hakuleta shida pingu zilibaki mkandani mwangu. Hilo pia nilikuwa nimefundishwa kwa njia ngumu. Kesho yake asubuhi alisimamishwa mbele ya hakimu, akapata dhamana. Nilikasirika kuhusu dhamana, nayo nikaambiwa si yangu kukasirikia.

Tatizo likabaki ushahidi. Damiani alisema mkewe alianguka na kuni. Ndugu zake walisema hawakuona kitu, na kweli walikuwa nje. Ilikuwa maneno ya mwanamke mmoja na fomu ya hospitali dhidi ya watu watatu wenye jina zuri Kitahana. Siku zilipita. Niliwaza kwamba tungewasomba wote wanne siku ile, labda mmoja angesema kwa woga. Nilimwambia Sajini hivyo. Akasema, "Subiri."

Asubuhi moja, nimefungua kituo tu, akaingia mwanamke mzee, kanga mbili, kapu mkononi, miguu ina vumbi mpaka magotini. Mara hii nilikumbuka kiti.

"Mimi ni mama yake Damiani," alisema. "Nimesikia mnanihitaji."

"Tunakuomba, mama, kama una la kusema."

Aliviringisha ukingo wa kanga. "Mngekuja na pingu ningewaambia nilikuwa shambani. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema hivyo. Nimewasubiri siku nyingi mje kunifunga, hamkuja, na yale maneno niliyojiandaa nayo yamenichosha."

Sajini alikuwa ametoka ofisini kwake, amesimama mlangoni. Hakusogea.

"Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko," mama akaendelea. "Nilimsikia mwanangu akivuta pumzi. Baba yake alikuwa akivuta pumzi hivyo hivyo kabla ya kunipiga. Nikajua kabla hajaushika mchi. Nilijua, na sikunyanyuka. Alipomaliza akatoka. Mimi ndiye niliyemfunga mkono yule binti, kwa kanga yangu. Nikamwonyesha njia nyuma ya shamba la mihogo. Damiani alipouliza nikamwambia mkeo amekwenda kuchota maji."

Nikaandika yote. Nilikuwa naandika kwa haraka, na kalamu zile za wino hazikusamehe, karatasi ile ilikuwa na madoa kama imenyeshewa. Alipoweka alama ya kidole gumba aliuliza, "Atafungwa?"

"Sijui, mama. Hakimu ndiye anayejua."

"Ni mwanangu wa kwanza," alisema, akachukua kapu lake.

Damiani alifungwa miezi kadhaa. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula gerezani, nilikutana naye njiani zaidi ya mara moja, na kila mara alinisalimu yeye kwanza. Ndoa ilipelekwa kwenye baraza la usuluhishi, ikashindikana, ikavunjwa na mahakama. Damiani alipotoka alidai ng'ombe wake pale alipostahili kuwadai tangu mwanzo. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akasema aliyeivunja nyumba ni yeye, hivyo hawezi kurudishiwa wote, akaamua arudishiwe wawili. Filbert alilima tumbaku misimu miwili kuwapata. Mkewe hakuondoka. Hakuna aliyekamatwa kwa hayo.

Nimewaambia haya kwa haraka kwa sababu yalipita kwa haraka. Yaliyobaki nami ni yale yaliyokwenda polepole. Kila nilipopata likizo nilikwenda Gwarama. Mzee Ntahondi alinifundisha kupogoa kahawa, na kunywa urwagwa bila kukunja uso, kwa maana pombe ile ya ndizi aliipika kali. Alikuwa akinikosoa jinsi ninavyoshika jembe, akasema polisi analishika jembe kama bunduki. Anastazia alijifunza cherehani kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunyooka tena vizuri. Nilikaa uani kwao, moshi wa jiko unapita, ile harufu ya kahawa inayokauka, nikajiambia hapa nitakuja maisha yangu yote.

Sajini Chilewa alihamishwa wa kwanza. Tulimsindikiza mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mambo mengi, lakini yeye akanikagua vifungo vya shati, akasema kimoja kimelegea. Nikasema ndiyo, Sajini. Lori likaondoka. Nilimwandikia barua mbili, ya pili ikarudi. Siku hizi mna dawati la jinsia, mna chumba cha faragha, mna simu, mwanamke haelezi mambo yake mbele ya kaunta wezi wa kuku wakisikiliza. Ni vizuri sana, na nimefurahi kuyaona. Lakini nikipita kituo chochote macho yangu hutafuta nani anampa mgeni kiti, na sauti ninayotaka kuisikia haipo.

Kisha nikahamishiwa huku Kasulu. Kazi ikawa nyingi, mipaka ilikuwa na wageni waliokimbia vita kutoka Burundi, barabara mbaya, likizo zikapita. Nilioa. Wakati huo watu walikuwa wanahamia vijiji vipya kando ya barabara. Nilipopata nafasi ya kurudi Gwarama miaka ilikuwa imekwenda. Nilifuata njia ile ile kwa miguu. Nyumba haikuwepo. Uani palikuwa na majani marefu hadi kifuani, na mibuni aliyonifundishia ilikuwa imesimama humo bila kupogolewa, imepanda juu kama miti ya porini.

Nilimkuta Anastazia kijiji kipya, barazani, na cherehani yake. Alikuwa amenenepa kidogo, ana nywele mbili tatu nyeupe. Alinitambua kabla sijasema. Aliniambia baba yake alifariki msimu wa mvua uliotangulia, wala hawakujua wanipelekee wapi taarifa. Nilikaa kwenye kigoda alichonipa. Nilimngoja amalize pindo la gauni alilokuwa akishona.

"Baba alikuwa akikusimulia kwa kila mgeni," alisema.

Nikainamisha kichwa. "Aliwasimulia habari za pingu."

"Pingu? Hapana. Hizo hakuzitaja hata mara moja. Alikuwa akisimulia ile safari ya kutoka Kakonko. Alisema mlipofika mtoni, maji yalikuwa yamejaa, ukavua viatu vyako vya polisi ukamwambia ashike, ukambeba mgongoni mpaka ng'ambo. Alisema tangu awe mtu mzima hakuna aliyewahi kumbeba."

"Sikumbuki kumbeba," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

"Yeye alikumbuka," alisema Anastazia, akaingiza uzi kwenye sindano.

Kila kitu cha siku zile ninacho, wanangu. Ninao mlio wa pingu zikifunga, ninalo neno nililoliandika kitabuni, ninao uso wa mama yake Damiani. Nikiamka asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nalala kifudifudi kidogo, nautafuta kichwani ule mto wa safari yetu na uzito wa yule mzee mgongoni mwangu. Mpaka leo sijaupata.